Siku Kumi za Mbwa wa Mume Wangu

Nililelewa Kaaga, Meru, katika nyumba ya paka. Mama yangu alikuwa na wawili au watatu kila wakati. Akiulizwa, alisema ni kwa sababu ya panya waliokuwa wakimaliza mahindi ghalani, lakini sisi watoto tulijua aliwapenda tu. Mbwa kwetu alikuwa mnyama wa majirani, wa kupitiwa mbali. Nilipokuwa darasa la tatu mmoja alinikimbiza kutoka njia ya shule mpaka nikapoteza kiatu, na tangu siku hiyo nikimwona mbwa nilizunguka njia nyingine. Sioni haya kusema hivyo.

Kisha nikaolewa Siakago. Mume wangu ni Mmbeere, mtoto wa wafugaji wa mbuzi, na kwao mtu aliyejenga nyumba kabla ya kupata mbwa alichekwa. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, na mimi nilifundisha shule ya msingi. Mwaka wetu wa kwanza tuligombana zaidi kuhusu wanyama kuliko kitu kingine chochote. Mwishowe tukaelewana hivi: mbwa wake akae nje, asivuke kizingiti, na paka wangu akae ndani.

Mbwa alikuwa wa rangi ya kahawia, kifua cheupe, miguu mirefu. Alikuwa na jina, alilopewa na mume wangu, lakini mimi sikuwahi kulitamka. Nilimwita mbwa. Jioni mume wangu akitoka kazini alianza kwa kuzungumza naye kwa Kimbeere, akimkuna shingo, kabla hajaja kuniuliza siku yangu ilikwendaje. Paka nilimtoa kwa mama yangu akiwa mdogo, nikambeba ndani ya kiondo kutoka Meru mpaka Siakago. Alikuwa wa kijivu mwenye milia, na alilala kwenye sweta yangu ya shule. Binti yetu, aliyekuwa na miaka sita, hakuwa na upande. Aliwapenda wote wawili, na hakuelewa kwa nini wasile pamoja.

Ilikuwa Agosti, katikati ya miaka ya tisini, shule zimefungwa. Wiki moja kabla ya mambo haya, mbwa asiyejulikana alipita sokoni akitokwa na mate, akamuuma punda wa mchota maji na mwanamume mmoja mguuni, kisha watu wakamwua ng'ambo ya kijito. Wiki hiyohiyo mbwa wetu alirudi kutoka matembezini sikio likiwa limechanika.

"Wamepigania jike huko," mume wangu alisema, akimwosha kwa maji ya chumvi.

"Amechanjwa?" nikamuuliza.

"Amechanjwa."

Sikuuliza zaidi. Jumapili iliyofuata akasafiri kwenda kwenye mafunzo ya kazi ya siku kumi na mbili, nasi tukabaki wawili, mimi na mtoto.

Siku ya tatu tangu aondoke, saa nne hivi asubuhi, nilikuwa nimetandaza gunia uani nikichambua ndengu. Nikasikia mtoto akipiga ukelele nyuma ya ghala. Haukuwa ukelele wa kuanguka. Mama anajua tofauti. Nilipofika kona nilimkuta anakuja kwangu ameshika mkono wake wa kulia, damu inatiririka mpaka kwenye kiwiko. Palikuwa na matundu mawili na mahali palipochanika.

"Nani?"

"Mbwa."

Mbwa alikuwa amesimama karibu na ghala, kichwa chini, akinitazama. Nilijaribu kuona kama alikuwa na mate mdomoni lakini macho yangu hayakutulia. Nilimbeba mtoto mgongoni, mkubwa alivyokuwa, nikakimbia naye hadi kituo cha afya.

Daktari wa pale alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakuuliza chochote kwanza. Aliuweka mkono wa mtoto chini ya bomba, akauosha kwa sabuni, akauosha tena, muda mrefu mpaka mtoto akachoka kulia akabaki anatazama tu. Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, mbwa mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Ni wetu."

"Amefungwa?"

"La."

"Rudi ukamfunge. Sasa hivi. Mtoto mwache hapa na muuguzi."

"Na sindano za kichaa cha mbwa?"

Alivua miwani. "Dawa imeisha, Mwalimu. Ya mwisho alidungwa yule aliyeumwa sokoni. Nimetuma ombi. Jina la mtoto nitaliandika la kwanza, lakini sijui gari litakuja lini." Kisha akasogea karibu, akaongea polepole kama mtu anayempa mtoto maagizo ya kwenda dukani. "Sikiliza. Mbwa huyo asiuawe. Akiuawa hatutajua kitu. Kama ana ugonjwa, hatamaliza siku kumi bila kuonyesha. Akila vizuri na kunywa maji mpaka siku ya kumi, basi siku ile anamuuma mtoto hakuwa na sumu mdomoni. Akikataa kula, akishindwa kumeza, sauti ikibadilika, uje mbio, nami nitampeleka mtoto mwenyewe popote dawa ilipo."

Siku hizi nikisikia mtu ameumwa namwambia asingojee chochote, aende akadungwe siku hiyohiyo. Wakati ule dawa ilikuwa haba, na kungoja ndiko kulikokuwepo.

Nilirudi nikikimbia. Langoni nilimkuta jirani yetu, mzee aliyefuga mbuzi ng'ambo ya ua wetu, ameshika panga. Wanaume wawili wa njiani walikuwa pamoja naye, mawe mikononi. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Mwalimu, hii mbwa iuawe leo," mzee akasema. "Wewe kaa kando, hii si kazi ya mama."

"Daktari amesema asiuawe."

"Daktari hakai hapa. Watoto wangu wanakaa hapa."

Nilisimama katikati ya lango. Niliwaeleza yote, siku kumi, kula, kunywa, kumeza. Wale wawili wakatazamana, wakaacha mawe yaanguke. Mzee hakuweka panga chini.

"Nimeona mtu akifa na hii ugonjwa," akasema. "Ndugu yangu. Nilimshika miguu. Usiniambie habari ya siku kumi."

"Basi nisaidie kumfunga."

Akatikisa kichwa. "Hiyo, hapana."

Hakuna aliyekubali. Mnyororo ulikuwa chini ya mti wa mukau, mahali mume wangu alipozoea kumfunga mchana. Niliingia jikoni nikachukua bonge la ugali uliobaki, nikaurusha kwenye shina la mti. Mbwa akaja, akaanza kula. Nikasogea nyuma yake nimeinama, nikashika ukanda wa shingoni. Kile kindoano cha mnyororo kilinishinda mara mbili. Aligeuka akanitazama, pumzi yake ya moto mkononi mwangu, nami nikajua akitaka kuniuma sitaweza kufanya lolote. Akaendelea kula. Kindoano kikaingia. Nilirudi nyuma hatua kumi nikaketi chini kwenye mchanga, mbele ya wanaume wote wale, nikalia.

Hivyo ndivyo zilivyoanza siku kumi ambazo mimi, mtu wa paka, niliishi nikimwangalia mbwa. Nilimpelekea chakula kwa sufuria iliyochakaa, nikiisukuma kwa mti mrefu. Kisha nilichuchumaa mbali kidogo nikitazama koo lake. Anatafuna. Amemeza. Maji anayalamba, yanashuka. Sikuwahi kumtazama hata mume wangu akila kwa makini namna ile. Nilijifunza vitu nisivyotaka kujua: kwamba alikunywa maji kwanza ndipo akala, kwamba alilaza sikio lile lililochanika kila mtu alipopita njiani, kwamba alibweka mara tatu kisha akanyamaza. Nikisikia mara nne, nilitoka mbio kumwangalia.

Mtoto nilimrudisha kutoka kituoni jioni ileile, na ndani ya nyumba nilimtazama vilevile. Kidonda kilikuwa kinakauka vizuri. Akisema ana kiu nilifurahi kama mjinga. Asubuhi moja akakataa uji, nikamshika paji la uso, shavu, shingo, nikamwuliza maswali mpaka akaanza kulia kwa kuogopa uso wangu. Uji ulikuwa umeungua tu.

Nilimtumia mume wangu ujumbe kwa mdomo wa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akisafiri upande ule. Sikujua kama ungefika.

Siku ya nne tangu amuume mtoto, mbwa hakula. Niliisukuma sufuria, akainusa, akageuza kichwa, akalala. Nikaivuta, nikatia mchuzi wa maharagwe, nikaisukuma tena. Hata hakuinuka. Nilimchukua mtoto tukaenda kwa daktari, nikamwambia, "Amekataa." Daktari alifunga chumba chake akaja nasi kwa miguu. Alisimama mbele ya mbwa muda mrefu, akapiga mluzi, akarusha kijiti. Mbwa akafuata kijiti kwa macho.

"Amekunywa maji?"

"Asubuhi, kidogo."

"Tungoje mpaka jioni. Asipokula, kesho alfajiri tunaondoka na mtoto, hata kama ni kwa lori la mchanga."

Nilifunga nguo za mtoto kwenye mfuko wa plastiki nikauweka mlangoni. Saa kumi na moja hivi jua likipoa, mbwa aliinuka, akajinyoosha, akanywa, akala sufuria nzima na kuilamba mpaka ikapinduka. Labda lilikuwa joto tu. Ule mfuko sikuufungua.

Mzee jirani alikuja kila siku. Alisimama upande wake wa ua wa seng'enge, akimtazama mbwa kama nilivyomtazama mimi. "Mwalimu," aliniambia siku ya tano, "wewe unalinda kifo hapo. Ikikata huo mnyororo, itaenda kwa nani?"

"Mnyororo hautakatika, mzee."

"Mume wako angekuwa hapa tungeongea kiume."

"Hayupo. Ongea na mimi."

Akaenda zake.

Asubuhi ya siku ya sita niliamshwa na mbwa. Alikuwa anabweka bila kukoma, akivuta mnyororo kuelekea upande wa ua. Nilitoka bila viatu. Niliona amesimama imara, macho yake safi. Alichokuwa akibwekea kilikuwa chini ya seng'enge, mbali na alipoweza kufika. Ni paka wangu, aliyekuwa ametoroka usiku kupitia dirishani. Alikuwa amelala ubavu, amekakamaa, mdomo wazi, povu limekauka kwenye manyoya ya kidevu. Karibu naye palikuwa na kipande cha nyama kimetafunwa nusu. Nyama mbichi, nzuri, ambayo hakuna mtu Siakago angeitupa hivihivi. Mtu aliitupa akitaka imfikie mbwa, ikaanguka karibu na ua.

Nilimfunika paka kwa kanga. Ile nyama niliiokota kwa jani la mgomba nikaichoma jikoni mpaka ikawa majivu. Kisha nilimwamsha mtoto, kwa sababu sikutaka atoke nje akamkute mwenyewe.

Alilia kwa namna ambayo hakulia hata alipoumwa. Nilimwambia paka alikula kitu kibaya. Akanisukuma, akasema, "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Mfupa ulikuwa wa paka. Nilitaka kumpa paka."

Ilichukua muda kumwelewa. Siku ile nyuma ya ghala mbwa alikuwa anatafuna mfupa, naye mtoto akaona si haki paka hana. Akauvuta kutoka mdomoni mwa mbwa. Baba yake alimkataza mara nyingi asimguse mbwa akila, kwa hiyo alificha. Siku sita alibeba jambo hilo peke yake, akinitazama ninavyohangaika.

Sikumkemea. Nilimkumbatia nikambembeleza. Mbwa aliyeporwa mfupa ana sababu ya kuuma, na hilo lilikuwa jambo la kwanza zuri kulisikia tangu siku ile. Lakini bado palikuwa na lile sikio.

Tulimzika paka nyuma ya jiko. Kisha nikavaa viatu nikaenda kwa mzee. Alikuwa zizini anakama mbuzi, na hakuinua kichwa.

"Paka wangu amekufa," nikasema.

Aliendelea kukama. "Haikuwa ya paka," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akikanusha. "Mzee," nikamwambia, "ungefaulu, ungeniachia mtoto nisiyejua kama ataishi. Ningemtazama mwezi mzima, mwaka mzima, nikingoja. Hilo ndilo ungenipa."

Mikono yake ikasimama. "Ndugu yangu alikaa miezi miwili akiwa mzima," akasema. "Alikuwa analima. Anacheka. Mbwa ile tuliiua siku ileile iliyomuuma, tukafikiri imekwisha." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Hatukungoja kuona."

"Mimi nangoja."

Akarudi kwenye kazi yake. Hakuomba msamaha. Lakini tangu siku hiyo hakuja tena kwenye ua, na mbuzi wake aliwapitisha njia ya mbali.

Hata hivyo sikuwaamini watu. Nilitoa kiti changu nikakiweka chini ya mukau, hatua tatu kutoka mwisho wa mnyororo, nikakaa pale kutwa na daftari za wanafunzi. Mtoto alikaa mlangoni. Mchana wa siku ya saba mbwa alilala akaweka kidevu chake kwenye mguu wa kiti. Sikusogea. Ningependa kuandika kwamba nilimpenda wakati huo, kwa sababu wengi niliowasimulia hungojea hilo. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Mume wangu alifika siku ya nane, ameacha mafunzo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimbeba mtoto, akaubusu ule mkono, akaenda moja kwa moja kwa mbwa kumfungua.

"Usimguse," nikasema.

"Huyu ni mzima. Mtazame."

"Bado siku mbili. Kadi ya chanjo iko wapi? Nimeitafuta nyumba nzima. Nimpelekee daktari tupumue."

Mkono wake ulibaki hewani juu ya kichwa cha mbwa. Akaurudisha polepole. Akaja akaketi kwenye ngazi ya mlango, akavua kofia.

"Sikumpeleka," akasema.

"Uliniambia amechanjwa."

"Nilipanga kumpeleka. Siku ya chanjo nilikuwa na kazi ofisini, halafu nikasahau. Uliponiuliza..." Alikuwa anaongea na kofia yake. "Nilijua nikisema hapana, utasema aondoke."

Mtoto alikuwa akitutazama, mmoja kisha mwingine. Nilienda jikoni nikasimama mbele ya moto. Siku nane nilizokaa chini nikitazama koo la mnyama, kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nimeegemea: kwamba amechanjwa, kwamba hata kama karatasi imepotea, mume wangu alisema. Sasa hata hicho hakikuwepo. Zilibaki siku mbili na hatukuzungumza ila kuhusu chakula cha mbwa. Kila mtu alimlisha kwa zamu, na kila mtu alimwambia mwenzake: amekula, amekunywa.

Siku ya kumi daktari alikuja na afisa wa mifugo, kijana mwenye buti ndefu. Mzee jirani alikuwa amesimama mbali zizini kwake, mkono juu ya macho. Afisa alimpa mbwa maji, kisha mkate, kisha akamshika taya akamtazama mdomoni bila woga wowote, kitu kilichonifanya nigeuze uso. Akasimama.

"Huyu ni mzima kabisa."

Alimchanja palepale. Daktari aliweka mkono kichwani kwa binti yangu, akasema, "Mama yako ni mwanamke mkaidi sana. Mshukuru Mungu." Alivua miwani, akaifuta, akakosea kuivaa, ule uzi ukamnasa sikioni. Mtoto akacheka. Mimi niliingia ndani nikalala usingizi mpaka kesho yake saa tatu.

Nilikuwa nimepanga nitakavyosema: ama mbwa ama mimi. Sikupata nafasi ya kulisema. Mume wangu alisema kabla yangu kwamba atampeleka kwa ndugu yake anayekaa Kiirua, anakofuga kondoo. Alimpeleka Jumamosi. Alirudi na mnyororo mtupu mfukoni, akautundika ghalani, akaketi nje mpaka giza likaingia, hana wa kuzungumza naye. Sikutoka kumfariji. Sijivunii hilo.

Desemba, mzee jirani aliingia langoni akiwa na kikapu. Ndani mlikuwa na paka mdogo mweusi. "Hii itashika panya," akasema, akaweka kikapu chini, akaenda. Nilimpokea. Nilifikiri mtoto atafurahi, lakini alimtazama tu, mikono nyuma, lile kovu linaonekana chini ya mkono wa gauni.

"Mimi nataka mbwa," akasema.

"Yule alikuuma."

"Nilichukua mfupa wake."

Mpaka leo yuko hivyo. Ana nyumba yake Meru, ana mbwa wawili wakubwa, na paka hataki hata kuwasikia. Chanjo zao anaziweka kwenye faili, na nikienda kumtembelea hunionyesha kadi kabla sijauliza.

Mume wangu hakuwahi kunidanganya tena, nijuavyo mimi. Tumezeeka pamoja, na ni mtu mwema. Lakini kwa miaka mingi, akiniambia amefunga mlango, nilingoja asinzie, kisha nikaamka nikaenda kuushika kwa mkono wangu mwenyewe. Alijua. Alilala macho akinisikia nikipita.